Mwanafunzi wa Sanaa na Udongo wa Mfinyanzi

Waswahili husema: "Mfinyanzi hulia gaeni." Wako wazazi ambao, wakikumbuka methali hiyo, huogopa kuwaacha watoto wao wajifunze kazi za mikono. Mtoto akionyesha kipawa cha kuchora, kuchonga au kufinyanga, huambiwa aache mchezo, ashike kitabu. Habari za Bibi Magdalene Odundo zawafaa wazazi hao, na zawafaa zaidi vijana wenyewe.

Bibi huyu alizaliwa Nairobi mwaka 1950, akapata elimu yake ya utotoni katika Kenya na India. Kazi aliyoanza kujifunza haikuwa ufinyanzi, bali uchoraji wa kazi za biashara, huko huko Nairobi. Mwaka 1971 alisafiri kwenda Uingereza, akaingia chuo cha sanaa cha Cambridge, kisha akahamia chuo cha Farnham. Huko alijifunza kupiga picha, kuchapa michoro na kufinyanga. Mwishowe udongo ndio uliomshika.

Kijana asidhani kwamba kujaribu kazi mbalimbali namna hii ni kutangatanga. Kila kitu kina tabia yake, na tabia hiyo haijulikani kwa kusimuliwa; sharti mkono uionje. Mstari uliokosewa karatasini waweza kufutwa kesho. Udongo hauna kesho hiyo, na ndiyo maana wazee wetu wakasema: "Udongo uwahi ungali maji." Ukiwa na maji mengi chungu hulala, ukikaushwa kwa haraka hupasuka. Aliyezoea kalamu hapana budi ajifunze upya wakati wa kushika na wakati wa kuacha.

Tena tutazame aliwapata wapi walimu wake. Alikuwa mwanafunzi katika Ulaya, lakini elimu aliyoihitaji ilikuwa Afrika. Katika miaka ya 1974 na 1975 alikwenda Nigeria, kwenye kituo cha ufinyanzi cha Abuja, mji ambao siku hizi huitwa Suleja. Hapo alikuwapo Bibi Ladi Kwali, aliyejifunza ufinyanzi tangu utotoni kijijini kwao. Bibi huyo hakuhitaji gurudumu la kuzungusha chungu. Aliweka udongo mahali pamoja, akauzunguka yeye mwenyewe kwa miguu yake, huku akiziinua kuta za chungu kwa mkono. Leo sura yake imo katika noti ya naira 20 ya Nigeria. Bibi Odundo alikuja Kenya pia kutazama kazi ya wafinyanzi wa huku, wala hakuona haya kujifunza kwao.

Baadaye, kati ya mwaka 1979 na 1982, aliendelea na masomo yake katika Royal College of Art, London. Lakini njia aliyoishika ni ile ya mikono. Huviinua vyombo vyake bila gurudumu, huvipaka udongo mwororo uliochujwa katika maji, kisha huvisugua mpaka ving'ae, pasipo kuvipaka rangi ya kioo. Chombo kikichomwa katika tanuri lenye hewa ya kutosha, hutoka chekundu, kwa sababu chuma kilichomo udongoni hushikana na oksijeni. Kikichomwa tena pamoja na vipande vya mti, na hewa ikazuiwa, hugeuka cheusi. Udongo ni ule ule. Moto ndio umebadilishwa.

Hata baada ya kupata sifa, hakuacha kujaribu. Mwaka 2014, pamoja na fundi wa kioo, alitengeneza vipande 1,001 vya kioo vikaning'inizwa kwa pamoja. Mtu aliyezoea kukikanda chombo kwa vidole alikuwa sasa mbele ya kitu kisichoweza kuguswa kingali laini, kwa ukali wa moto wake. Ilimpasa kuutegemea mkono wa mwenziwe.

Mwaka 2018 alifanywa Mkuu wa University for the Creative Arts, chuo kikuu ambacho chuo chake cha zamani cha Farnham ni sehemu ya asili yake. Mwaka 2020 Uingereza ilimpa heshima ya Dame.

Ndugu wasomaji, si kila anayefinyanga atafika huko, wala hayo si makusudio ya kazi. Lakini Kurani Tukufu inatuambia kuwa mwanadamu ameumbwa kwa udongo mkavu kama wa mfinyanzi; basi tutawezaje kuudharau udongo, au mkono unaoutengeneza? Mzazi amwonapo mwanawe akichezea udongo, kabla ya kumkemea, na amwulize anatengeneza nini. Na kijana anayetaka kujifunza, kabla ya kutafuta chuo cha mbali, amwendee kwanza yule bibi auzaye vyungu sokoni, amwombe amwonyeshe jinsi anavyofanya.