Vinyago vya Wamunyu vinasubiri simu yako

Ukitaja Wamunyu, Kaunti ya Machakos, watu hufikiria vinyago. Aliyeanzisha kazi hiyo ni Mutisya Munge, aliyejifunza kuchonga kwa Wazaramo wa Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Aliporudi nyumbani, ujuzi ukaenea, na baadaye wachongaji wakaunda chama cha ushirika wauze pamoja.

Sababu ni rahisi: ukiuza peke yako, dalali ndiye anapanga bei. Watalii wakipungua, karo ya watoto inakwama.

Hapo ndipo wewe kijana unaingia. Si una simu? Piga picha safi, andika bei na aina ya mti, pokea malipo kwa M-Pesa, tuma mzigo kwa matatu. Komisheni yako mkubaliane mapema na mchongaji, asije akapata dalali mwingine.