Chakavu, Bovu au Gofu? Kivumishi "Dilapidated" na Maelezo ya Majengo ya Kale ya Unguja

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna maana ya kivumishi cha Kiingereza "dilapidated" inavyogawanyika katika Kiswahili baina ya -kongwe, -bovu, -chakavu na gofu. Kwa kutumia hamamu la Kidichi na majengo mengine ya kale ya Unguja kuwa mifano, inaoneshwa kwamba kisawe kinachoteuliwa zaidi, -chakavu, hueleza hali lakini huacha chanzo chake. Inahitimishwa kuwa tofauti hiyo ni ya kimofolojia na ina athari katika tafsiri ya nyaraka za urithi.

1.0 Utangulizi

Hamamu la Kidichi lilijengwa mnamo 1850 kwa amri ya Sayyid Said bin Sultan, kwa ajili ya mkewe Shehrzad, aliyetoka katika ukoo wa kifalme wa Uajemi. Lipo katika miinuko ya mashamba ya viungo, kaskazini mashariki ya Mji Mkongwe. Makuba yake yangali yamesimama, na ndani mna nakshi za lipu zenye maua, matunda na ndege. Mwandishi wa Kiingereza anayekuta jengo la umri huu halikutunzwa ipasavyo hulieleza kwa neno moja, "dilapidated". Mfasiri wa Kiswahili hana neno moja la kumtosha. Ana kadhaa, na kila moja linatoa hukumu yake.

2.0 Maana ya neno la Kiingereza

Asili ya neno hilo ni kitenzi cha Kilatini kilichoundwa kwa kiambishi cha kutawanya na nomino yenye maana ya "jiwe". Kilatini kilikitumia kwa maana ya kutapanya mali, na maana ya jengo kuharibika ilikuja kupata nguvu katika Kiingereza. Hata hivyo, wazo la uzembe halikupotea. Katika sheria ya upangaji ya Uingereza, nomino ya neno hilohilo hutaja uharibifu ambao mpangaji anawajibika kuulipia anapoirejesha nyumba. Kwa hiyo, kivumishi hiki hakielezi uzee wa jengo pekee. Kinadokeza kwamba palikuwa na mtu aliyepaswa kulitunza, naye hakulitunza.

3.0 Visawe vya Kiswahili

Kivumishi -kongwe huonesha umri bila kutaja kasoro. Hutumika pia kwa watu, na ndiyo maana jina Mji Mkongwe, eneo lililoingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, husikika kuwa ni la heshima. Hakiwezi kuwa kisawe cha neno linalohusika, ingawa mara nyingi huandamana na visawe vyake.

Kivumishi -bovu kina uhusiano wa kihistoria na kitenzi oza. Kasoro yake hutoka ndani ya kitu chenyewe, na matokeo yake ni kushindwa kazi au kuwa hatari: gari bovu halendi, ngazi mbovu haikanyagwi. Kusema "hamamu la Kidichi ni bovu" ni kutoa onyo, si kueleza historia yake.

Gofu ni nomino. Linapotumika, jengo huhamishwa kutoka kundi la majengo na kuingizwa katika kundi la mabaki. Kasri la Maruhubi, lililojengwa zama za Sayyid Barghash na kuungua mwaka 1899, huitwa magofu kwa usahihi, kwa kuwa kilichobaki ni nguzo na kuta. Kuliita hamamu la Kidichi gofu, hali makuba yake yangali juu, ni kulitangazia mwisho ambao haujafika.

Kinabaki -chakavu, ambacho ndicho kisawe cha kawaida.

4.0 Mofolojia ya -chakavu

Kivumishi hiki kimetokana na kitenzi chakaa pamoja na kiambishi -vu, kama tulia inavyotoa -tulivu na nyamaa -nyamavu. Vitenzi hivi si elekezi: hueleza mabadiliko yanayompata mtajwa mwenyewe, bila mtenda mwingine. Kinyume chake, kitenzi elekezi haribu hutoa -haribifu, yaani mwenye kuharibu. Kwa muundo wake basi, -chakavu hakina nafasi ya mtenda. "Jengo chakavu" ni jengo lililochakaa. Nani aliliacha lichakae, neno halisemi.

Mazoea ya matumizi huongeza jambo la pili. Katika "vyuma chakavu", kivumishi hakichukui upatanisho uliotarajiwa, vichakavu. Kimeganda na kuwa jina la aina ya bidhaa iliyo tayari kuuzwa kwa kilo. Katika uhasibu nako, uchakavu ni upungufu wa thamani unaohesabiwa kila mwaka, hata kwa mali inayotunzwa vizuri. Njia zote mbili huelekeza fikra kwenye kuondosha kitu, wala si kukitengeneza.

5.0 Athari katika maelezo ya urithi

Suala hili si la kamusi tu. Sehemu ya Beit al-Ajaib, jengo la mwaka 1883, ilianguka tarehe 25 Desemba 2020 na watu wawili wakafariki dunia. Vitenzi vinavyokuja kwanza katika kueleza tukio la namna hiyo ni anguka, poromoka na bomoka, ambavyo navyo havina mtenda. Vikitanguliwa na "jengo chakavu", maelezo yote hukamilika bila swali la matunzo kuulizwa.

Hata hivyo, upungufu huu si wa lugha, ni wa uteuzi. Kiswahili kina kitenzi cha kusababisha chakaza, na kina telekeza. Linganisha:

(a) Hamamu hili ni chakavu.
(b) Hamamu hili limechakazwa na unyevu.
(c) Hamamu hili limetelekezwa.

Sentensi (a) inataja hali, (b) inataja kisababishi cha kimaumbile, na (c) inadokeza mwenye dhamana. Neno la Kiingereza hukusanya (a) na (c) kwa pamoja. Mfasiri anayeishia kwenye (a) amefasiri nusu.

6.0 Hitimisho

Kisawe kimoja hakitoshi. Pale matini chanzi inapokusudia kutaja uzembe, -chakavu kiongezewe kitenzi, kwa mfano "jengo chakavu lililotelekezwa". Pale inapoeleza athari ya umri na hali ya hewa tu, -chakavu kinatosha. Gofu liachiwe Maruhubi. Kidichi bado ni hamamu, na jengo lenye jina lake bado linaweza kudaiwa matengenezo.