Mokuna, Mkongomani aliyefungua njia ya Ulaya

Vijana wengi wanaocheza mpira Kasongo na Kabambare, kusini mwa Maniema, huota kufika Ulaya. Mkongomani wa kwanza kucheza huko alikuwa Léon Mokuna, aliyepewa jina la Trouet kwa mashuti yake makali.

Mwaka 1954, Kongo ikiwa bado koloni, mshambuliaji huyo alitoka Léopoldville, leo Kinshasa, akajiunga na Sporting ya Lisbon, Ureno. Ubelgiji, iliyoitawala Kongo, ilimpata miaka mitatu baadaye katika timu ya Gent. Alifariki mwaka 2020.

Leo AS Maniema Union ya Kindu imeshacheza makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika, msimu wa 2024-2025. Kwa kijana wa Kasongo, njia si lazima tena ianzie Kinshasa.