Maana Mbili za Neno Imamu

Mtu wa pwani akisema imamu, humkusudia yule asimamaye mbele kuswalisha. Shia aweza kulitumia hivyo pia, lakini kwake neno hili lina maana iliyo kubwa zaidi, nasi walimu twaifasiri ile moja tu. Tulipata kumfundisha hivyo mtoto wa Kiithnaasheri darasani. Akainama, asijibu neno.

Asili ya tofauti hii ni kufariki kwake Mtume Muhammad, mwaka 632. Masahaba wengi walimpa Abu Bakr mkono wa utii awe khalifa. Wengine walishika ya kwamba haki ni ya Ali, binamu yake Mtume na mumewe Fatuma. Hao ndio shia, yaani kundi, la Ali. Naye Ali alikuja kuwa khalifa wa nne, akauawa mwaka 661. Lakini jeraha lisilopona ni la Karbala, mwaka 680, alipouawa Huseni mwanawe pamoja na jamaa zake. Ndiyo sababu siku ya kumi ya Muharamu Sunni wengi hufunga saumu, na Shia huomboleza.

Basi kwao imamu ni Ali na wazao wake wateule. Waithnaasheri huhesabu 12, na wa mwisho, wasema, ameghibu tangu mwaka 874. Waismaili walitengana nao baada ya kufa Jafar al-Sadiq, mwaka 765. Kwa wafuasi wa Aga Khan, imamu yu hai leo.

Tena tusiseme Khoja kana kwamba ni madhehebu: wako Khoja Waismaili, wako na Waithnaasheri. Wala Waibadhi wa Omani na Unguja si Sunni wala Shia.