Msikiti na Bahari ya Misali

Wanachama wenzetu wa Pemba wanakijua kisiwa cha Misali, kilichoko magharibi ya Chake Chake. Wazee wasimulia kuwa Nabii Khidhri alifika pale akataka msala wa kusalia, usipatikane. Akasema basi kisiwa chenyewe kitakuwa msala wake, kwani kimeelekea kibla. Ndipo kikaitwa Misali.

Heshima hiyo haikuzuia baruti. Baruti huua samaki mkubwa na mdogo pamoja, na huvunja matumbawe ambamo samaki hujificha na kukulia. Sheria ziliwekwa, na mwaka 1998 Misali ilitangazwa kuwa eneo la hifadhi. Lakini nani atailinda bahari usiku kucha? Bahari haina mlango.

Mwaka 1999 ikajaribiwa njia nyengine. Taasisi ya Kiislamu ya mazingira ya huko Uingereza, iliyoasisiwa na Bwana Fazlun Khalid, ilishirikiana na shirika la CARE, wakakaa na wavuvi wa Misali. Yaliyosomwa hayakuwa mageni: kwamba mwanadamu ni khalifa na ardhi ni amana mikononi mwake, kwamba viumbe vimewekwa kwa mizani, kwamba ufisadi ni haramu, uwe wa nchi kavu au wa baharini. Kilichokuwa kipya ni kuyasikia hayo yakitajwa pamoja na nyavu na baruti.

Sisi hatusemi kuwa khutba pekee yatosha. Mvuvi aliyeambiwa aache naye ana chungu jikoni. Ndiyo maana sehemu ndogo tu ya maji ya Misali ilifungwa kabisa, na sehemu kubwa ikabaki wazi kwa uvuvi wa halali.

Jambo hili latugusa sisi wa karafuu. Wengi wetu msimu ukisha huingia baharini, au tuna ndugu huko. Tena mti ukikatwa mlimani, mvua huchukua udongo hadi mkono wa bahari, ukayafukia matumbawe. Mafundisho tunayo: apandaye mti, alacho ndege au mtu humwandikia sadaka. Je, ni khutba ngapi zilizotaja shoka na tanuri la chokaa?

Twawaomba wanachama wa kila mtaa wakae na khatibu wao kabla ya masika, wakubaliane ni mlima gani usikatwe mti, na wale wanaoishi kwa kuuza kuni za mlima huo watapewa kazi gani.