Ndoa Mpya au Kupoteza Kazi Hakufuti Matunzo ya Mtoto

Mzazi aliyeamriwa na mahakama kutoa pesa za matunzo hawezi kuzisitisha wala kuzipunguza mwenyewe kwa sababu ameoa tena, mwenzake ameolewa, au kazi imekwisha. Kiwango kinaweza kubadilishwa, lakini kwa idhini ya mahakama.

Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa kila mtoto haki ya kutunzwa na mama na baba kwa usawa, wawe wameoana au la. Sheria ya Watoto ya 2022 inasisitiza wajibu huo.

Kazi inapobadilika

Jambo hili linagusa familia nyingi Kwale. Hoteli za Diani hupunguza wafanyakazi wageni wanapoadimika, hasa wakati wa masika. Mgodi wa Base Titanium nao ulikoma kuchimba madini Desemba 2024, na ajira zikapotea.

Chukua mfano wa baba aliyeamriwa kutoa Sh8,000 kila mwezi. Akiachishwa kazi na kunyamaza kuanzia Aprili hadi Juni, atakuwa anadaiwa Sh24,000. Deni hilo halijifuti. Mahakama inaweza kuamuru mali yake ikamatwe, au akipata kazi nyingine, mshahara wake ukatwe.

Njia salama ni kurudi mahakamani mapema na kuomba amri ibadilishwe. Aende na barua ya kuachishwa kazi na taarifa za benki au M-Pesa. Akisubiri uamuzi, aendelee kutuma anachoweza na kuhifadhi ushahidi wa malipo.

Vilevile, mzazi anayeishi na mtoto anaweza kuomba kiwango kiongezwe iwapo mapato ya mwenzake yamepanda au mahitaji ya mtoto yameongezeka, kwa mfano anapojiunga na sekondari.

Ndoa mpya

Mama akiolewa, baba mzazi haondolewi wajibu wake. Mahakama inaweza kumzingatia baba wa kambo aliyemkubali mtoto kuwa wa familia yake, lakini hilo halimpi baba mzazi ruhusa ya kujitoa.

Baba akioa tena, mahakama hutazama watu wote wanaomtegemea. Hata hivyo, mtoto wa kwanza haachwi kwa ajili ya nyumba mpya. Kwa Waislamu, kuisha kwa eda hakumalizi haki ya mtoto kwa baba yake.

Wazazi wakielewana

Mapatano ya mdomo mbele ya wazee au chifu hayabadilishi amri ya mahakama. Wazazi waliokubaliana kiwango kipya wayaandike makubaliano yao na kuyawasilisha mahakamani.

Pa kupata msaada

Maombi hupelekwa katika mahakama iliyotoa amri, kama vile ya Kwale au Msambweni. Afisa wa watoto wa kaunti ndogo hutoa ushauri na kusuluhisha wazazi. Mtoto anayenyimwa matunzo anaweza kuripotiwa kwa kupiga simu 116 bila malipo.