Ua la Chumba cha Chai

Mchai tuujuao sote una ndugu yake huko Japani, aitwaye tsubaki, achanuaye wakati wa baridi, maua mengine yakiwa yamekwisha. Ua lake halipukutiki petali moja moja, bali huanguka zima, kama kichwa kilichokatwa. Kwa hiyo Wajapani wengi hawampelekei mgonjwa. Walakini katika chumba cha chai, tangu Novemba, ndilo lipewalo heshima. Mwenyeji huchuma moja tu, tena tumba lianzalo kufunguka, akaliweka katika shubaka pamoja na majani machache. Nasi twaona achagua vema, maana ua lililokwisha kuchanua laweza kuanguka wageni wangali wakinywa.